Mwito wa Subira

Mtu anayezama hasemi kwa mpangilio. Husahau jina la chombo chake, husahau yuko wapi, hubana kitufe cha redio na kulia humo humo, kisha husahau kukiachia ili naye ajibiwe. Kwa miaka kumi na minne mbele ya redio ya kituo cha usalama wa bahari, mwanamke ambaye mabaharia walimwita Sikio alikuwa amesikia watu wakimwita mama, wakimwita Mungu, na mmoja akimtukana fundi wa injini yake mpaka maji yalipomfika mdomoni. Ndiyo maana mwito wa Jumanne ile ulimkaa vibaya. Haukuwa na kosa hata moja.

Ulikuja saa nane na dakika kumi mchana, kwenye chaneli ya kumi na sita, ile ambayo kila chombo hutakiwa kuiacha wazi kwa ajili ya hatari.

"Mayday, Mayday, Mayday," ilisema sauti ya mwanamume, taratibu, kama anasoma kwenye karatasi. "Hapa ni Subira, Subira, Subira." Ikataja mahali ilipo, nyuzi na dakika za ramani. Ikasema maji yanaingia kwa nyuma na pampu imekufa. Ikasema inahitaji msaada mara moja. "Watu waliomo ni watano. Ova."

Mkono wa Sikio uliandika yote kwenye daftari la zamu kabla kichwa chake hakijafika. Kilipofika, kalamu ilisimama juu ya jina. Subira ilikuwa boti ya kubeba saruji. Ilizama miezi saba iliyopita, na watu wake wote watano.

Alitazama dirishani. Jua lilikuwa kali na bahari imelala. Chini, gatini, nahodha wa boti ya uokoaji alikuwa anaosha sitaha kwa mpira wa maji. Wenzake walimwita Mzito kwa utani, kwa wembamba wake, kwa sababu upepo ukivuma walihofia utaondoka naye. Redio ya boti yake ilikuwa wazi kwenye chaneli hiyohiyo, sauti juu, lakini Mzito hakuinua hata kichwa.

Kanuni ni kwamba Mayday hujibiwa. Sikio akabana kitufe.

"Mayday Subira, hapa ni kituo. Mayday yako imepokelewa. Ova."

Redio ikikaa kimya huwa na mkwaruzo wake, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili. Safari hii mkwaruzo haukuwepo. Kilichokuwepo ni kimya cha mtu aliyeshika kipaza sauti na kusikiliza. Kisha ikaja harufu ya ndoo ya kudekia iliyosahauliwa na maji yake wiki nzima.

Gatini Mzito safari hii aliinua kichwa, na Mkuu wa kituo akaingia na miwani mkononi. Walirudisha mashine ya kurekodi nyuma, wakasikiliza. Ilikuwa na sauti moja tu, ya Sikio, ikijibu.

"Unamjibu nani?" aliuliza Mkuu.

"Nilidhani nimesikia kitu."

"Umechoka. Kanywe chai."

Hakuwa amechoka. Kuchoka nako ni kuhisi kitu, na Sikio alikuwa hahisi kitu tangu siku ile ya Subira. Alikula kwa kuwa ni saa ya kula. Alilala kwa kuwa kitanda kilikuwepo. Watu walidhani ni majonzi ya wale waliozama, wakamsifu kwa moyo wake.

Ukweli aliujua peke yake. Siku ile wavuvi wawili walikuwa wameivamia chaneli ya kumi na sita kwa ubishi wa mpira. Aliwakemea mara mbili, wakamcheka. Kichwa kilikuwa kinamgonga, mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, na mkate wake ulikuwa haujaguswa tangu asubuhi. Akaishusha sauti ya redio kwa swichi yake mpaka mwisho, apate kula. Dakika nne, labda sita. Alipoirudisha, wavuvi walikuwa wamenyamaza na bahari nayo imenyamaza. Baadaye nahodha wa meli ya mafuta alisema alisikia mwito uliokatika-katika na hakusikia kituo kikijibu. Mashine ya kurekodi wakati huo ilikuwa mbovu. Wachunguzi walimuuliza Sikio, naye akasema, "Nilisikiliza muda wote." Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Mmoja wa wale watano alikuwa mdogo wake Mzito, tumbo moja.

Jumatano, saa nane na dakika kumi, Subira iliita tena. Maneno yaleyale, mahali tofauti kidogo, na safari hii Sikio alijibu bila kutaja jina la chombo. Alhamisi vilevile. Ijumaa Sikio alizihamisha zile nyuzi kwenye ramani ya bahari kwa penseli, nukta kwa nukta, akaweka rula. Nukta ya kwanza ilikuwa kwenye miamba ilikozama. Nyingine zilitoka hapo kwa mstari ulionyooka. Alikaa akiutazama ule mstari kama mtu anayetazama risiti. Subira haikuwa inazama. Ilikuwa inakuja.

Jumamosi nukta ilitoka nje ya ramani, kwa sababu ramani ya bahari huishia ufukweni. Ilibidi aende kwenye ramani ya mji iliyobandikwa ukutani. Kidole chake kilisimama kwenye kona ya duka la mabati, mitaa miwili kutoka nyumbani kwake. Maji yanaingia kwa nyuma, sauti ilikuwa imesema. Pampu imekufa.

Alimaliza zamu, akaaga, akarudi nyumbani kwa miguu. Mama yake alikuwa kwenye korido, amekunja gauni, anakausha sakafu kwa tambara.

"Mgeni wako amekuja," mama alisema.

"Mgeni gani, mama?"

"Yule mwanamume. Aliniita kutoka bafuni. Anataja kila kitu mara tatu tatu kama mko kazini kwenu. Nikamwambia huyo unayemtaka yuko zamu. Akasema atangoja."

Sikio aliweka mkoba chini. "Ulimwitikia?"

"Mtu akiita haitikiwi? Nilikulea hivyo mimi?"

Sikio alikwenda mpaka mlango wa bafu na kuusukuma kwa ncha za vidole, na ingawa mtaa mzima ulikuwa na siku tatu bila maji na bomba lilikuwa kavu mpaka lina vumbi, sakafu ilikuwa inang'aa kwa maji, na ukutani, kuzunguka chumba chote, nyuma ya ndoo na nyuma ya mlango na juu ya kioo cha kunyolea cha marehemu baba yake, kulikuwa na mstari wa unyevu ulionyooka kama uliopigwa rula, usawa wa kifua cha mtu, na aliponyoosha kidole akaugusa, kisha akakiweka kidole ulimini, ulikuwa na chumvi.

"Umesema kitu?" mama aliuliza kutoka koridoni.

"Hapana."

"Basi ni yeye," mama alisema, na akaanza kukohoa.

Jumapili mstari ulifika shingoni. Mama alikohoa mchana kutwa, na kila akikohoa alitema maji kwenye kikombe cha bati, maji safi yenye chembe za mchanga chini. Daktari wa zahanati alimpima mapafu akasema hayana kitu. Sikio alikimwaga kikombe, akakisuuza, akakirudisha, akakimwaga tena. Alijua anapaswa kuogopa. Aliisubiri hofu kama unavyosubiri gari lililokwisha kupita. Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu, mama alishindwa kumaliza jina lake kwa ajili ya maji, na hapo Sikio akajifunga kitambaa kichwani akaenda kwa fundi cherehani.

Fundi cherehani alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Walioteseka na majini walijua kwamba ana chumba cha nyuma. Hakumpeleka huko. Alimsikiliza akiwa na pini mdomoni na futi shingoni, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, na Sikio alipofika kwenye mkate na swichi ya sauti, ule mguu ukasimama.

"Huyo si maiti," fundi alisema, akizitoa pini moja moja. "Usijidanganye kwamba ni wale watu. Wale wamepumzika. Ni jini wa huko huko baharini. Mwito usiojibiwa haupotei, dada yangu. Unaokotwa. Yeye ameuokota, ameuvaa kama mtu anavyovaa koti la mwenzake, na anamtafuta aliyepaswa kuujibu."

"Lakini nimemjibu. Kila siku namjibu."

"Unajibu mwito wa leo. Yeye ana mwito wa siku ile."

Fundi akasogeza kiti.

"Ufukizo haumtoi huyu. Mjibu palepale ulipokosa kumjibu, kwa ukweli, na watu wasikie. Atakuachia, wewe na mama yako. Usipofanya hivyo leo, sijui kesho maji yatafika wapi."

"Chaneli ya kumi na sita inasikika na kila chombo," Sikio alisema. "Mzito naye atasikia."

"Basi na asikie." Fundi alizirudisha pini mdomoni, kisha akazitoa tena. "Na sikiliza. Nimesema atakuachia. Sikusema atakufa. Anayengoja sauti ya mtu wake humsikia, huyo."

Saa nane kasoro dakika tano Sikio alikuwa kitini kwake. Boti ya uokoaji haikuwepo gatini. Injini yake ilikuwa imefanyiwa matengenezo, na Mzito alikuwa ameitoa peke yake kuijaribu, maili tatu nje. Kwenye skrini alionekana kama pembetatu ndogo ya kijani. Mkuu alikuwa chumba cha pili, anaandika ripoti ya mwezi.

Saa nane na dakika kumi. "Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni Subira, Subira, Subira." Mahali ilipopataja palikuwa nyumbani kwake, na hakuhitaji ramani kujua kwamba ni chumba cha mama. "Watu waliomo ni watano. Ova."

Alibana kitufe.

"Mayday Subira, Subira, Subira. Hapa ni kituo. Mayday yako imepokelewa." Sauti yake ilikuwa ileile ya kutangaza hali ya hewa. "Mliita miezi saba iliyopita, saa nane na dakika kumi mchana. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sikuwasikia kwa sababu niliishusha sauti ya redio mpaka mwisho ili nile mkate. Wachunguzi niliwaambia nilisikiliza muda wote. Nilisema uongo. Hapa ni kituo, ova."

Akaachia. Mkwaruzo ukarudi, ule wa mchele unaopepetwa. Harufu ya ndoo ikaondoka kama mtu amefungua dirisha. Simu yake ikaita: mama, anauliza kama kuna kitu cha kula, maana amelala vizuri na njaa imemshika. Sauti ilikuwa kavu kabisa.

Kisha redio.

"Kituo, hapa ni boti ya uokoaji. Tuhamie chaneli ya sita."

Hata wakati ule Mzito alikumbuka kuiacha kumi na sita wazi. Sikio alihamia sita.

"Alisema nini?" Mzito aliuliza.

"Nani, kaka?"

"Mdogo wangu. Redio ya Subira alikuwa anaishika yeye. Alisema nini?"

"Sijui. Sikumsikia."

Injini ya boti ilisikika ikiunguruma nyuma yake, taratibu. Akaachia kitufe. Alipokibana tena akasema, kwa sauti ya mtu aliyesimamishwa njiani, "Ngoja. Kuna mtu anaita."

Sikio hakusikia mtu. Kwenye skrini pembetatu ya kijani iligeuza pua, polepole, ikaelekea kwenye miamba ilikolala Subira.

"Usiitike, kaka," alisema. "Usimjibu. Si yeye."

Redio za aina ile zina tabia moja: wawili wakisema kwa pamoja kwenye chaneli moja, mwenye nguvu ndiye husikika. Mnara wa kituo ulikuwa juu ya kilima. Hakuna sauti ingeweza kuupita. Lakini ukibana kitufe ili useme, husikii. Unakuwa umewaziba wengine na wewe umejiziba. Kukibana bila kukiachia ni kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewafokea watu kwa miaka kumi na minne. Akakibana, akaanza kusema.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote, kalamu ya ripoti bado mkononi. Sikio alimwonyesha skrini kwa kidole. Mkuu alitazama, akachukua simu, akawaita watu wa boti ya bandari wamfuate Mzito haraka.

Sikio alisema. Alianza na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo maneno aliyokuwa nayo karibu, upepo na mawimbi na muda wa maji kujaa, na yalipokwisha akasema juu ya mama yake, jinsi anavyoficha sukari na kusahau alikoificha, kisha akasema juu ya yule mdogo wake Mzito, kwamba alikuja kituoni mara moja kuomba betri na akaondoka na kalamu yake pia, kwamba alikuwa na meno mazuri, na kwamba jina lake lilipotajwa kwenye uchunguzi yeye alikuwa anatazama kifungo cha shati la mchunguzi kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja na akawa anafikiria kile kifungo tu. Na aliendelea, bila kujua kama kuna anayemsikia, pembetatu ikizidi kuikaribia miamba, kidole gumba kikimfa ganzi mpaka akakibadilisha kwa cha mkono wa pili, upesi, bila kukiachia kitufe, au ndivyo alivyoamini, na akasema kwamba hajalia, kwamba amejaribu, kwamba hata sasa hajui kama anasema haya kwa uchungu au kwa kuwa mdomo umeshafunguka, na Mkuu alimwekea maji mezani hakuyanywa, na boti ya bandari ikaonekana kwenye skrini, pembetatu ya pili, mbali, mbali mno.

Nusu maili kutoka kwenye miamba, boti ya uokoaji ilisimama.

Hakuamini. Aliendelea kusema mpaka Mkuu alipokishika kidole chake na kukitoa kwenye kitufe, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu.

"Inatosha," Mkuu alisema. "Anarudi."

Mzito alipanda ngazi za kituo saa kumi kasorobo. Hakuwa ameloa. Alivuta kiti akakaa mbele ya Sikio, mikono juu ya magoti. Sikio alingoja kofi, au tusi, na angevipokea.

"Nilikusikia," Mzito alisema. "Muda wote. Sikujua kama una maneno mengi hivyo."

"Umesimama. Namshukuru Mungu umesimama."

"Ulinyamaza mara moja."

"Sikunyamaza, kaka."

"Ulinyamaza. Muda wa kuvuta pumzi tu." Alikuwa anautazama mkono wake, ule wenye kidole kilichokuwa kimevimba. "Hapo ndipo nilipomjibu."

Mkuu, aliyekuwa dirishani, aligeuka.

"Ulimwambia nini?" Sikio aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alitaka nimfuate kule. Nikamwambia nina mama mzee, siwezi. Nikamwambia aje yeye nyumbani."

"Unajua si yeye."

"Najua," Mzito alisema. "Lakini ana sauti yake." Akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akashuka ngazi.

Uchunguzi ulifunguliwa upya. Sikio alisema yote, wakaandika yote, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameachishwa kazi. Hakubisha. Alimpelekea fundi cherehani habari, na fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hawezi kumtoa mgeni aliyealikwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba aje mwenyewe. Sikio alimpelekea Mzito ujumbe mara tatu. Mzito alikuwa ameacha boti. Watu walisema haonekani.

Basi siku moja asubuhi alikwenda mwenyewe. Alikuwa na la kumwambia mama yake Mzito pia. Msamaha huombwa ana kwa ana. Mama mzee alifungua mlango. Alikuwa amevaa gauni safi, na uso wake ulikuwa umenawiri kuliko siku ile ya matanga ya mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa redio, siyo? Nimeambiwa. Yamekwisha hayo, ingia." Aliweka kidole mdomoni. "Ila sema taratibu. Ndiyo kwanza wamelala."

"Wamelala kina nani, mama?"

"Wanangu," mama mzee alisema, na akakohoa kidogo ndani ya kiganja, akakifuta kwenye gauni. "Utakunywa chai?"

Sikio alitazama mlango wa chumba cha ndani, uliofungwa. Akasema ndiyo, atakunywa.